Macho Kwenye Lenzi: Kwa Nini The Silence of the Lambs Haizeeki

Filamu nyingi za wauaji wa mfululizo hazivumilii kutazamwa mara ya pili. Ukishajua muuaji ni nani, kinachobaki ni damu na kelele. The Silence of the Lambs (yaani Ukimya wa Wanakondoo) ya mwaka 1991 inavumilia, ingawa haifichi muuaji wake. Filamu haijafika hata nusu, tayari tumemwona Jame Gumb akijifanya ana mkono mbovu, akishindwa kupakia kochi kwenye gari, na msichana mwenye huruma akijitolea kumsaidia. Sura yake tunaijua na mtego wake tunaujua. Bado watu wanairudia, na mwaka 2011 Maktaba ya Bunge la Marekani iliiingiza katika orodha ya filamu zinazostahili kuhifadhiwa daima.

Ukiuliza sababu, wengi watakutajia Anthony Hopkins katika nafasi ya Dkt. Hannibal Lecter, daktari wa akili mla watu aliyefungwa, ambaye FBI inamhoji ili imnase Gumb. Sibishani nao kuhusu ubora wa Hopkins. Lakini kwa hesabu inayotajwa mara nyingi, yumo kwenye kioo kwa takriban dakika 16 kati ya 118. Dakika 16 haziwezi kuibeba filamu nzima peke yake. Kinachoibeba ni uamuzi wa kiufundi wa mwongozaji Jonathan Demme na mpiga picha wake mkuu, Tak Fujimoto: nani aitazame lenzi, na nani asiitazame.

Mazungumzo ya watu wawili kwa kawaida hupigwa hivi: kamera inakaa nyuma ya bega la mmoja, na mwigizaji anayeongea anaelekeza macho pembeni kidogo mwa lenzi, pale alipo mwenzake. Mtazamaji anabaki mtu wa tatu, anayechungulia. Demme aliivunja desturi hiyo upande mmoja tu. Mara nyingi anayezungumza na Clarice Starling, mwanafunzi wa FBI anayeigizwa na Jodie Foster, hutazama katikati kabisa ya lenzi. Clarice mwenyewe hutazama pembeni kidogo. Kwa hiyo wao wanakutazama wewe machoni, na wewe unapokea kila jicho linalomwangukia yeye. Dkt. Chilton, mkuu wa hospitali anakofungwa Lecter, anamtongoza na jicho lake linakutua usoni. Jack Crawford, bosi wake, anampima, nawe unajihisi unapimwa. Katika chumba cha maiti kule West Virginia, polisi wanaume wamejaa wanamkodolea, na hakuna neno lolote linalohitajika ili ujue anavyojisikia.

Lile onyesho la lifti mwanzoni kule Quantico, kwenye chuo cha FBI, ni la sekunde chache tu: Clarice, mfupi, katikati ya wanaume warefu waliovaa mashati mekundu. Ni hoja ileile bila mazungumzo. Kabla hajakutana na muuaji yeyote, tumeshaonyeshwa kwamba mwanamke huyu anaishi chini ya macho ya watu siku nzima.

Nguvu ya mbinu hii iko kwenye kutolingana kwake. Waigaji wengi hukosea hapo. Wanawaambia waigizaji wote wawili watazame lenzi, na mtazamaji anakosa pa kusimama, maana mara yeye ni huyu, mara ni yule. Wengine husogeza lenzi pana karibu mno na uso, pua inavimba, na hofu inageuka kichekesho. Kosa la tatu ni kung'ang'ania uso wa mtishaji muda mrefu bila kurudi kwa anayetishwa. Demme hurudi kwa Foster kila mara, kwa sababu kipimo cha hatari kiko usoni mwake, katika namna anavyomeza mate na kujizuia.

Tazama sasa mkutano wa kwanza na Lecter. Kamera inatembea kama macho ya Clarice, inapita seli moja baada ya nyingine zenye wafungwa wanaojikunyata gizani au kupayuka. Inapofika ya mwisho, Lecter amesimama katikati, wima, mikono ubavuni, mwanga umemjaa, anasubiri. Wengine wote kamera imewakuta. Yeye ndiye anaonekana ameikuta kamera. Hopkins anapepesa macho kwa nadra sana, na kichwa chake hakitikisiki ovyo.

Halafu kuna kile kioo. Seli ya gerezani kwenye sinema huwa na nondo, lakini nondo zingekata uso wa mwigizaji na kuharibu mstari wa macho ambao filamu yote imeuegemea. Mbunifu wa mandhari, Kristi Zea, akaipa seli ukuta wa kioo chenye matundu. Nondo humwambia mtazamaji kwamba mnyama amefungiwa. Kioo safi kinamsahaulisha kwamba kuna kizuizi. Kadiri mazungumzo yanavyoendelea shoti zinazidi kukaribia, mpaka zinabaki nyuso mbili tu na hakuna tena chumba.

Kule Memphis, Lecter anahamishiwa kwenye kizimba cha chuma, na sasa nondo zipo kweli. Mwanzoni zinaonekana wazi kati yao. Clarice anapoanza kusimulia utoto wake katika shamba la Montana, jinsi alivyoamshwa na vilio vya wanakondoo waliokuwa wakichinjwa, jinsi alivyombeba mmoja na kukimbia naye, shoti zinabana hadi nondo zinatoka nje ya fremu. Filamu hii inajua kutumia picha za kumbukumbu: inatuonyesha baba yake Clarice mara mbili kwa ufupi. Ila hadithi ya wanakondoo, ambayo ndiyo inayoipa filamu jina lake, haionyeshwi hata kidogo. Tunaona uso wa Foster tu na uso wa anayemsikiliza. Naamini huu ndio uamuzi mkubwa kuliko yote. Ukimwonyesha mtazamaji mwanakondoo atamwonea huruma mwanakondoo, na swali la nini kinamsukuma binti huyu litapotea.

Muswada wa Ted Tally, uliotokana na riwaya ya Thomas Harris ya mwaka 1988, unasifiwa kwa maneno yake, lakini mimi huusifu zaidi kwa utunzaji wa vitu vidogo. Kalamu ya Chilton ni mfano mzuri. Lecter amefungwa mikanda, Chilton anajisifu, kalamu imeachwa kitandani, na jicho la Lecter linaikalia. Kisha Chilton anaitafuta asiione. Hakuna anayesema lolote. Baadaye kipande cha chuma kinatoka mdomoni mwa Lecter na pingu zinafunguka. Mtazamaji wa mara ya pili anaiona kalamu ile na tumbo linamkaza, kwa sababu sasa anajua walinzi wawili watakufa kwa ajili yake.

Upelelezi nao umejengwa kwa vitu vinavyoshikika. Kooni mwa maiti kunatolewa pupa wa nondo (mdudu wa jamii ya kipepeo, si chuma) mwenye alama ya fuvu mgongoni, jenasi Acherontia. Wataalamu wa wadudu wanamweleza Clarice kwamba spishi hiyo ni ya Asia, kwa hiyo kuna mtu amemfuga kwa kumpa joto, asali na majani ya jamii ya mnavu. (Ndugu yake, Acherontia atropos, yuko hapa kwetu Afrika Mashariki, na wafugaji nyuki wanamjua kwa kuingia mizingani kuiba asali.) Halafu kuna vipande vya ngozi vyenye umbo la almasi vilivyokatwa mgongoni mwa maiti. Clarice anaelewa maana yake anapofungua kabati la Fredrica Bimmel, wa kwanza kuuawa, huko Belvedere, Ohio, na kuona gauni lililokatwa kwa umbo hilohilo. Muuaji anashona. Hapo maneno ya Lecter, kwamba binadamu hutamani anachokiona kila siku, yanapata anwani: mtu wa kwanza kuuawa ndiye aliyekuwa jirani, na ndiyo maana mwili wake peke yake ulifungwa uzito ili usielee.

Onyesho linalofundishwa zaidi ni lile la kengele ya mlango. Mhariri Craig McKay analipanga hivi. Askari wa FBI wanaizingira nyumba huko Calumet City, Illinois. Tunakatiwa hadi chini ya nyumba ya Gumb. Nje, askari aliyejifanya mleta maua anabonyeza kengele. Chini, kengele inalia. Gumb anapanda kufungua. Nje, askari wanajiandaa kuvunja. Mlango unafunguka, na aliyesimama pale ni Clarice, peke yake, akiwa Ohio. Askari wamevamia nyumba tupu. Filamu haikudanganya, maana hakuna shoti hata moja iliyoonyesha nje na ndani pamoja. Mtazamaji ameunganisha mwenyewe kwa sababu sauti ya kengele ilifika kwa wakati. Mikato ikiwa ya haraka mno, mtazamaji ananusa hila. Ikichelewa, anaanza kulinganisha madirisha.

Baada ya hapo ndipo kanuni ya macho inapinduliwa. Taa zinazimwa, Gumb anavaa miwani ya kuonea gizani, na kwa mara ya kwanza kwa muda mrefu tunamwona Clarice kupitia macho ya muuaji, katika kijani kibichi. Anapapasa ukuta. Mkono wa Gumb unanyooshwa karibu kabisa na nywele zake. Kama filamu isingetuweka ndani ya macho ya Clarice kwa takriban saa nzima na nusu, kunyang'anywa macho hayo kusingeuma. Na anaokoka kwa sikio. Nyundo ya bastola ya Gumb inalia, Clarice anageukia mlio na kufyatua.

Doa la filamu ni Gumb mwenyewe. Clarice anasema wazi mbele ya Lecter kwamba hakuna uhusiano kati ya watu waliobadili jinsia na ukatili, na Lecter anasema Gumb si mmoja wao. Lakini picha zina nguvu kuliko sentensi, na onyesho lile la Gumb akicheza mbele ya kamera yake ya video limewaachia watazamaji wengi kitu kingine kabisa. Waandamanaji walijitokeza kwenye sherehe za Oscar za mwaka 1992, usiku ambao filamu ilichukua tuzo zote tano kubwa: filamu bora, mwongozaji, mwigizaji wa kiume, wa kike, na muswada uliotokana na kazi nyingine. Nadhani walikuwa na hoja. Filamu iliyojali hivyo kuhusu anayetazamwa ilimgeuza mtu huyu kuwa cha kutazamwa tu.

Filamu zilizofuata zilidhani siri ni Lecter, zikamwongezea dakika. Hannibal ya mwaka 2001 ilimpa jiji zima la Florence, na Hannibal Rising ya mwaka 2007 ikaeleza utoto wake, vita na njaa vilivyomharibu. Kila jibu lilimpunguza. Demme alimwacha bila chanzo, akamtolea maelezo Clarice badala yake.

Ukitaka kuipima hoja hii, chukua mkutano wa kwanza, zima sauti, na simamisha picha kila uso unapobadilika. Usifuate midomo. Angalia mboni ziko wapi kulingana na katikati ya fremu, kisha angalia umbali kati ya paji la uso na ukingo wa juu. Ukimaliza, fanya hivyohivyo kwa onyesho la kizimba kule Memphis, na hesabu ni shoti ngapi zinapita kabla nondo ya mwisho haijatoweka.