Je, Wajua kwa Nini Mwalimu wa Muziki wa Watoto Wachanga Humkazania Mzazi?

Mwaka juzi nilipomtembelea dada yangu Marekani, nilitwishwa kazi nisiyoiomba: kumpeleka mpwa wangu, mtoto wa mwaka mmoja na miezi mitatu, kwenye darasa la muziki Jumamosi asubuhi, katika ukumbi wa maktaba ya mtaa. Nikajua ni suala la kumkabidhi mtoto kwa mwalimu, kutafuta kiti pembeni na kutoa simu. Viti havikuwepo. Tuliketishwa sakafuni tukafanya duara, akina mama saba, bibi mmoja, baba mmoja, na mimi mjomba mtu, kila mmoja kampakata wake. Mwalimu naye akaketi chini, hana gitaa wala kipaza sauti, akaanza wimbo wa salamu. Alipofika kwetu alimtaja mpwa wangu kwa jina, kisha akanikodolea macho mimi, na hakwenda kwa mtoto wa pili mpaka nilipofungua mdomo.

Dakika zote 45 zilikwenda hivyo. Watoto wawili wanatambaa kuelekea mlangoni, mmoja analamba manyanga aliyopewa atikise, mwingine amelala fofofo. Mwalimu hakushughulika nao. Walioshughulikiwa ni sisi wakubwa. "Mjomba, hatukusikii," aliniambia kwa Kiingereza chake cha upole, na akina mama wakacheka.

Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba hakuwa ananionea. Kwenye madarasa ya namna hii mwanafunzi hasa ni mtu mzima. Mpango wa Music Together, kwa mfano, ulioanzishwa Princeton, New Jersey, mwaka 1987, unamtaka mlezi akae darasani, aimbe na acheze. Hakuna kumwacha mtoto mlangoni ukaenda dukani. Hesabu yake ni nyepesi. Wiki ina dakika 10,080, na mwalimu amepewa 45. Wimbo usipotoka na mzazi kwenda naye nyumbani, jikoni, bafuni na kwenye gari, umeishia pale ukumbini.

Lakini kuna sababu nzito zaidi ya hesabu, nayo ni kwamba kwa mtoto mchanga wimbo na mwimbaji haviachani.

Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard, Samuel Mehr, Lee Ann Song na Elizabeth Spelke, walichapisha majaribio waliyofanya kwa watoto wa miezi mitano. Katika jaribio la kwanza wazazi walifundishwa wimbo mpya, wakaenda kumwimbia mtoto nyumbani kwa wiki moja au mbili. Katika la pili, wimbo ulitoka kwenye mwanasesere. Katika la tatu uliimbwa na mtu mchangamfu asiye wa nyumbani, mwanzo ana kwa ana, halafu kwa video. Muda ulipokwisha, kila mtoto alionyeshwa watu wawili asiowajua kabisa, mmoja akiimba wimbo ule, wa pili akiimba mwingine. Waliokuwa wameimbiwa na wazazi wao walimtazama kwa muda mrefu zaidi yule mgeni mwenye "wimbo wa kwetu", hata alipokwisha kunyamaza, na kadiri walivyoimbiwa sana nyumbani ndivyo walivyomtazama zaidi. Wale wa mwanasesere na wa video hawakujali nani ni nani.

Ukiwa mwalimu wa watoto hawa, jaribio hilo linakuvunja moyo kidogo. Uwe na sauti ya kinanda, uwe na tabasamu la kumtoa nyoka pangoni, kwa mtoto wewe bado uko upande wa mwanasesere. Mama yake anayekosea maneno na kuparaza sauti amekushinda kabla hujaanza. Mwalimu mwerevu hashindani naye. Humtia wimbo mama mdomoni, kisha akajiondoa katikati.

Jambo la pili ni mwili. Mwaka 2005 Jessica Phillips-Silver na Laurel Trainor wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, waliwapigia watoto wa miezi saba mdundo usio na mkazo popote, ngoma inayolia sawasawa tu. Huku ukilia, mtu mzima alimrusharusha mtoto mikononi: baadhi kila pigo la pili, wengine kila pigo la tatu. Ilikuwa dakika mbili tu. Baadaye watoto waliwekewa midundo yenye mkazo, na kwa jumla wakapendelea kusikiliza ule uliolingana na walivyorushwa. Waliofungwa kitambaa machoni wakarushwa walifanya vilevile. Waliokaa wakamtazama tu mtu mwingine akirukaruka hawakupata kitu. Mtoto, kwa maneno mengine, alisikia mdundo kwa mgongo na magoti.

Hapo mtu wa kwetu anaweza kutabasamu. Mtoto aliye mbelekoni wakati mama anatwanga, anafagia au anacheza ngoma harusini, yumo darasani bila ada. Hata lugha inajua: siku hizi kutumbuiza tunakusikia kwa bendi na majukwaa, lakini kutumbuiza pia ni kumwimbia mtu hadi atulie, na tumbuizo ni wimbo wa kumbembeleza mtoto. Mtumbuizaji wa namna hiyo hana jukwaa. Ana paja.

Kurushwa pamoja na mtu kuna faida nyingine, na hii ndiyo iliyonifurahisha kuliko zote. Maabara hiyohiyo ya McMaster, mwaka 2014, iliwachukua watoto wa miezi 14. Msaidizi mmoja alimbeba mtoto kifuani, uso ukiangalia mbele, akamchezesha kwa muziki. Mbele yao alisimama mtafiti naye akicheza, ama sawasawa na mtoto ama akienda mrama kwa makusudi. Muziki ulipokwisha, mtafiti yule akajifanya anaanika vitambaa, kibanio cha nguo kikamponyoka, akanyoosha mkono asikifikie. Watoto waliocheza naye kwa mdundo mmoja walikwenda kumwokotea mara nyingi zaidi kuliko waliochezeshwa ovyo. Sasa weka mzazi mahali pa mtafiti, uone kwa nini mwalimu hapendi kumnyang'anya mzazi mtoto ili amchezeshe yeye.

Ukishajua haya, vitimbi vya yule mwalimu wa maktabani vinaeleweka kimoja kimoja. Alianza nyimbo juu kidogo ya pale nilipozoea, maana sauti ya mtoto iko juu na sisi wanaume tukijiachia tunaimba kama tunatoka kisimani. Aliimba polepole kuliko kanda yoyote ya watoto niliyowahi kusikia. Hakutumia kanda kabisa, kwa sababu kanda haisubiri: mtoto akichelewa kupiga kofi, mtu hai anamngoja, spika inaendelea na safari yake. Kila wimbo ulipokwisha alinyamaza. Si sekunde moja. Alinyamaza mpaka mimi nikaona haya. Katika kimya hicho mtoto mmoja wa miezi minane au tisa alitoa "aaa" ndefu, karibu kabisa na noti tuliyomalizia, na mwalimu akaiimba "aaa" ileile kumrudishia, kama mtu anayeitikia hodi.

Tena alirudiarudia. Wimbo uleule wa vidole tuliuimba mara sita, nikaanza kuhesabu madirisha. Ila anayechoka ni mkubwa. Watafiti Tonya Bergeson na Sandra Trehub walionyesha mwaka 2002 kwamba hata akina mama wenyewe, wakirekodiwa siku mbili tofauti wakimwimbia mtoto wimbo mmoja, hurudi kwenye kimo cha sauti na kasi karibu zilezile bila kukusudia. Mtoto anapewa kitu kisichobadilika katika siku ambayo kila kitu hubadilika.

Kukusanya vyombo nako ni ufundi. Ukimpokonya mtoto kayamba, umeanzisha msiba. Mwalimu alileta kikapu katikati na wimbo mfupi wa kuaga vyombo, nasi wakubwa tukatangulia kutumbukiza vyetu. Watoto wakafuata, wengine wakatumbukiza na viatu. Mtoto aliyegoma aliachiwa chake. Na wale watambaaji wa mlangoni? Waliachwa wazurure, mradi mlango umefungwa, kwa kuwa mtoto wa umri huo anaweza kukupa kisogo huku masikio yake yakiwa kwako.

Hapa niseme kitu ambacho wauzaji wa madarasa haya hawakipendi. Hayamfanyi mtoto kuwa na akili nyingi. Imani hiyo ilipata nguvu baada ya jaribio la mwaka 1993 la Chuo Kikuu cha California, Irvine, ambapo wanafunzi 36 wa chuo, watu wazima, walisikiliza muziki wa Mozart, mtunzi wa kiklasiki, wakafanya vizuri zaidi kwenye maswali ya maumbo kwa takriban dakika 10 hadi 15. Kutoka hapo hadithi ikaota mabawa, hata mwaka 1998 gavana wa jimbo la Georgia, Marekani, Zell Miller, akaomba dola 105,000 za serikali ili kila mtoto anayezaliwa jimboni apelekwe nyumbani na muziki wa kiklasiki. Mwaka 2013 Mehr na wenzake walipima madarasa ya muziki ya wazazi na watoto wa miaka minne, ya wiki sita, mara mbili, na hawakupata ushahidi thabiti kwamba yanainua akili. Anayelipa ada akitarajia daktari wa baadaye, fedha hiyo angenunulia maziwa. Anayetaka nyimbo kumi za kumtulizia mtoto saa tisa usiku hajapoteza kitu.

Na zinatuliza kweli. Huko Montreal, Kanada, mwaka 2015 watoto wa miezi sita hadi tisa walisikilizishwa nyimbo za Kituruki, lugha wasiyoijua, bila kuona mtu wala mwanasesere. Walikaa takriban dakika tisa kabla ya kuanza kulia. Kwa maneno ya kuzungumza tu walivumilia karibu nusu ya muda huo.

Mpwa wangu, darasa zima, hakuimba wala hakupiga kofi. Alikaa kimya akinitazama mdomo. Nilimrudisha nyumbani nikamwambia dada kwamba pesa yake imeliwa. Jioni mezani nilikuwa nikisubiri ugali, nikawa navuma ule wimbo wa kikapu bila kujijua. Mtoto akashika kijiko chake, akanyamaza kidogo, akakitumbukiza ndani ya bakuli langu la mchuzi.