Tando za seli haziungani kienyeji: dhana potofu kuhusu lipidi, protini na sumu ya pepopunda

Wengi waliosoma biolojia sekondari wanakumbuka kwamba utando wa seli umeundwa na tabaka mbili za mafuta (lipidi). Wako sahihi. Matatizo huanza pale wanapotaka kueleza, kwa kumbukumbu hiyo pekee, kila kinachotokea kwenye utando.

"Tando ni mafuta, kwa hiyo zikigusana zinaungana zenyewe"

Dhana hii ndiyo mama wa nyingine. Anayeishikilia anawaza matone ya mafuta juu ya mchuzi: mawili yakikaribiana, mara yanakuwa moja. Lakini mafuta ya mchuzi yamegusana na maji waziwazi, na kwa kuungana yanapunguza eneo la mgusano huo. Utando umejipanga kinyume kabisa. Kila fosfolipidi, yaani molekuli ya mafuta inayojenga utando, ina kichwa kinachopenda maji na mikia miwili inayoyakimbia. Molekuli hizo husimama safu mbili, mikia ndani na vichwa nje, na unene wa utando wote ni kama nanomita 4 hadi 5 tu. Ukiukaribia kutoka nje hukutani na mafuta, unakutana na vichwa vilivyokumbatia maji. Tando mbili zikitaka kusogeleana chini ya nanomita 2 hivi, maji hayo lazima yakamuliwe yatoke, nayo hayatoki kirahisi. Ndiyo maana vifuko (vitufe vidogo vya utando) vinavyotengenezwa maabara kwa fosfatidilikolini tupu, aina moja ya fosfolipidi, hukaa bega kwa bega bila kuungana. Na ni heri iwe hivyo, maana kama tando zingeungana ovyo, kusingekuwa na seli ya kuzungumzia.

Kazi ya kukamua maji hufanywa na protini. Kwenye ncha ya neva kuna vifuko vilivyojaa kemikali za kupeleka ujumbe. Kifuko kina protini iitwayo sinaptobrevini, na utando wa neva unaokitazama una sintaksini na SNAP-25. Hizi tatu, za jamii ya SNARE, husokotana kuanzia mbali kuelekea kwenye tando, na msokoto unavyokaza ndivyo tando zinavyovutwa. Kwanza huungana zile tabaka mbili zinazotazamana, huku tabaka za upande wa pili zikiwa bado zimetengana. Hatua hiyo ya nusu ndiyo wengi hawaijui. Kisha hufunguka kitundu kidogo, kinapanuka, na kemikali zinamwagika nje. Kalisiamu ikishaingia kwenye neva, protini nyingine, sinaptotagmini, huihisi, na shughuli huisha ndani ya muda usiofika milisekunde moja. James Rothman, Randy Schekman na Thomas Südhof walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2013 kwa kufumbua namna seli inavyosafirisha mizigo kwa vifuko hivi.

Hata hivyo lipidi nazo si watazamaji. Lisofosfatidilikolini, yenye mkia mmoja badala ya miwili, ikiwekwa kwenye tabaka zinazotazamana huzuia tando kupinda inavyotakiwa, na muungano unakwama hata kama protini zipo.

"Kirusi hutoboa seli kikaingia"

Kirusi cha mafua hakitoboi. Seli yenyewe hukimeza ndani ya kifuko, kisha hukiongezea kifuko hicho asidi hadi pH ya 5 hivi. Asidi hiyo ndiyo inayosubiriwa na kirusi. Hemaglutinini, protini iliyo juu yake, hubadili umbo, huchomoa peptidi (kipande kifupi cha protini) ya asidi amino ishirini na kitu iliyokuwa imefichwa, na kuizamisha kwenye utando wa kifuko. Halafu inajikunja katikati huku ikivuta tando zote mbili. Zikishaungana, vinasaba vya kirusi viko ndani ya seli na hakuna palipopasuka.

VVU navyo huungana na utando, ila havihitaji asidi. Vikishashika CD4, protini iliyo juu ya seli za kinga, na kipokezi cha pili, protini gp41 ya kirusi hufanya mkunjo wa aina hiyohiyo. Enfuvitaidi, dawa iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2003, ni peptidi ya asidi amino 36 inayojipachika kwenye gp41 na kuizuia isikunjike. Ilikuwa ikichomwa sindano mara mbili kwa siku, kwa hiyo si ajabu kwamba haikupata umaarufu wa vidonge. Virusi visivyo na utando, kama vya polio, vina njia zao tofauti.

"Pepopunda huletwa na kutu"

Hii iko mitaani kote, na kutu haina kosa. Bakteria Clostridium tetani huishi kwenye udongo na kinyesi cha wanyama, na msumari humpeleka bakteria huyo ndani ya jeraha lenye kina lisilofikiwa na hewa. Wembe unaong'aa unaweza kufanya hivyohivyo kwenye kitovu cha mtoto mchanga, na kitovu kilichopakwa udongo au samadi kiko hatarini zaidi.

Sumu ya bakteria huyo hupanda kupitia neva hadi uti wa mgongo, ikaingia kwenye neva zinazotuliza misuli. Humo hukata sinaptobrevini. Vifuko vimejaa, kalisiamu inaingia, lakini hakuna cha kuunganisha tando. Amri ya kulegea haitumwi, taya linakaza, mgongo unapinda. Mwaka 1992 Giampietro Schiavo, Cesare Montecucco na wenzao walionyesha kwamba sumu ya botulinamu aina ya B, inayotoka kwa bakteria mwingine, hukata protini hiyohiyo, tena mahali palepale. Ila yenyewe hubaki kwenye neva zinazoamrisha misuli, na mgonjwa hulegea badala ya kukakamaa. Mkato ni mmoja, maradhi ni kinyume. Mimi sijaona ushahidi mzuri kuliko huu wa jinsi mwili unavyotegemea tando kuungana.

"Peptidi inayovunja utando huvunja wowote"

Melitini ya sumu ya nyuki, asidi amino 26, kweli haichagui, na chembe nyekundu za damu huipasukia. Lakini magainini, peptidi ambazo Michael Zasloff alizieleza mwaka 1987 kutoka kwenye ngozi ya chura Xenopus laevis wa kusini mwa Afrika, zina chaji chanya, na uso wa bakteria una lipidi nyingi zenye chaji hasi. Seli zetu huweka fosfatidiliserini, lipidi yenye chaji hasi, upande wa ndani, na kolestero, ambayo watu huisema vibaya, huupa utando uimara. Magainini hulala juu ya utando hadi ziwe nyingi vya kutosha, ndipo tundu hutokea, kingo zake zikiwa peptidi pamoja na vichwa vya lipidi.

Ubaguzi huo una mipaka. Kolistini, peptidi yenye mkia wa mafuta inayotumika hospitalini, huvunja tando za bakteria sugu, lakini huumiza pia figo, na ndiyo sababu madaktari huiacha mpaka dawa nyingine zishindwe.