Matikiti yapo mwaka mzima, ila utamu una miezi yake

Ukipita soko la Buguruni mwezi Aprili, masika yameshika na matope yanafika kwenye vifundo vya miguu, bado utayakuta matikiti yamepangwa juu ya maturubai. Ukirudi Oktoba, yapo. Januari yapo, tena ni mlima. Kwa hiyo mtu akiniuliza msimu wa matikiti ni lini, naelewa anachohangaika nacho: Dar es Salaam haikosi tikiti, basi msimu uko wapi? Uko kwenye ulimi. Tikiti la Aprili na tikiti la mwisho wa Januari, hata yakiwa ya mbegu moja na ukubwa mmoja, hayafanani mdomoni. La kwanza mara nyingi ni maji yenye rangi. La pili ni sukari. Na kinachoniuma ni kwamba mlaji huwa analipa zaidi kwa lile la kwanza, kwa sababu wakati wa masika ni machache.

Mimi ni mtaalamu wa ugani wa mazao ya bustani, na kila mwaka maswali ni yaleyale, ya wanunuzi na ya wakulima wapya. Majibu yao yote yanatoka mahali pamoja. Msimu wa tikiti hauhesabiwi kwa siku linaposhushwa kwenye fuso. Unahesabiwa kwa hali ya hewa ya mwezi ule wa mwisho, tunda likiwa bado shambani, limeshikana na shina lake.

Tangu kupanda mbegu hadi kuvuna, tikiti maji linachukua siku 75 hadi 90 hivi. Sugar Baby, lile dogo la mviringo lenye ganda la kijani kilichokoza, liko upande wa siku chache. Crimson Sweet, lile lenye michirizi, linakawia kidogo. Nusu ya kwanza ya muda huo mmea unajitandaza tu na kujenga majani. Kisha yanatangulia maua dume, na baada ya siku kadhaa yanakuja maua jike, ambayo utayatambua kwa kijitikiti kidogo kama gololi nyuma ya ua. Ua linafunguka asubuhi moja tu. Nyuki asipofika asubuhi hiyo, kile kijitikiti kinanyauka na kudondoka. Akifika mara chache mno, tunda linakua limepinda, au linafanya uwazi katikati. Nyuki akishamaliza kazi yake, hesabu kama siku 35 hadi 45 tunda liive.

Katika siku hizo, za mwanzo ni za kupanuka na za mwisho ni za kuingiza utamu. Sukari inatengenezwa na majani kwa nguvu ya jua, inasafiri kwenye shina, inaingia kwenye tunda. Sasa fikiria wiki tatu hizo za mwisho ziwe za mawingu na mvua. Majani yanatengeneza sukari kidogo. Mizizi inavuta maji mengi, na ile sukari kidogo iliyoingia inazimuliwa, kama chai iliyoongezwa maji ya moto baada ya kutiwa sukari. Juu ya hayo, unyevu unaleta magonjwa ya ukungu, ubwiri vinyoya na chule, majani yanachomeka mmea ukiwa bado na matunda, na tunda lisilo na majani halina pa kupata utamu tena. Litabaki hapo shambani, litakuwa jekundu kiasi, litauzwa. Tamu halitakuwa.

Baada ya hapo kalenda ya Dar es Salaam inajisoma yenyewe. Masika yanaanza Machi na kwisha Mei, na Aprili ndiyo yenye mvua nyingi kuliko miezi yote. Huo ndio wakati mbaya kabisa, na kuleta mzigo kutoka mbali hakusaidii sana, kwa sababu mikoa yenye msimu mmoja wa mvua kama Dodoma na Singida nayo hunyeshewa kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Mei mvua inapungua. Juni hadi Agosti ni kipupwe: kukavu, lakini kuna ubaridi. Usiku wa Dodoma mwezi Julai joto hushuka chini ya nyuzi 15, na tikiti ni mmea wa joto, unapenda nyuzi 22 hadi 30, kwa hiyo linakwenda taratibu na linaweza kuchukua siku nyingi zaidi ya zile zilizoandikwa kwenye pakiti ya mbegu. Matamu huwapo katika miezi hiyo, hasa yaliyomwagiliwa, ila mvunaji mwenye haraka huyakata kabla ya wakati.

Nafasi nzuri ya kwanza inafunguka kuanzia Septemba hadi katikati ya Novemba hivi. Joto limerudi, mvua za vuli bado hazijakaza, na mzigo unatoka kwenye mashamba ya umwagiliaji na kwenye mabonde ya Ruvu, Wami na Rufiji, ambako wakulima hutumia unyevu uliobaki ardhini maji yakishapungua, kile kilimo ambacho watu wa Rufiji wanakiita mlau. Nafasi ya pili ni Januari na Februari. Kaskazi inavuma, jua ni kali, na matikiti yaliyopandwa na mvua za vuli huko Mkuranga, Kisarawe, Bagamoyo na Kigamboni yanamalizia kuiva kwenye ukavu. Kwa maoni yangu hakuna tikiti linalolishinda la Februari ya Pwani lililopata vuli ya wastani. Lakini mwaka wa El Niño kama 2023, vuli huwa nzito, na ukiona hivyo usiitegemee sana Januari.

Kwa sababu hiyo swali lenye faida kuliko yote sokoni si “bei gani?” bali “limetoka wapi, limevunwa lini?” Muuzaji wa jumla anajua, maana amepakia mwenyewe au amenunua kwa aliyepakia. Ukiambiwa limetoka mahali ambako wiki mbili hizi kumenyesha mfululizo, punguza matumaini, na ikiwezekana punguza na ukubwa wa unachonunua.

Kuna kalenda nyingine inayoendesha soko letu, nayo haifuati mvua. Ramadhani hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka. Tikiti ni tunda la futari. Kama asilimia 92 ya uzito wake ni maji, na mtu aliyeshinda na saumu kwenye joto la Dar analitamani kabla ya kitu kingine. Mwaka 2021 na 2022 Ramadhani ilianza Aprili, katikati ya masika. Mahitaji yalikuwa juu wakati ambapo shamba haliwezi kutoa kitu kizuri, na dalali anapokuja na fuso tupu shambani na pesa mkononi, mkulima hasubiri siku kumi za mwisho. Anakata. Matokeo ni yale matikiti yenye nyama ya waridi iliyopauka na mbegu nyeupe laini, mwenye nyumba anayakata mbele ya wageni na kunyamaza.

Sasa mambo yamegeuka. Mwaka 2026 Ramadhani inaanza nusu ya pili ya Februari, yaani kwenye nafasi ile bora kabisa. Tikiti la siku 80 la kuwahi mwezi huo linatakiwa liwe limepandwa mwishoni mwa Novemba: mbegu inapata vuli, tunda linapata kiangazi. Ni kama mvua na futari zimepatana. Hali haitabaki hivyo. Ramadhani ya 2028 inasogea hadi mwishoni mwa Januari, na mwaka 2030 zitakuwa mbili, moja Januari na nyingine kuanza mwishoni mwa Desemba. Mkulima anayelenga futari za miaka hiyo atapanda kati ya mwishoni mwa Septemba na mwanzoni mwa Novemba, na maua yake yatafunguka mvua za vuli zikiwa zimekaza, nyuki wamejificha. Huyo ajiandae mapema kwa kuchagua shamba lisilotuamisha maji na kuinua matuta, wala asingoje kushangaa.

Hapa naomba niseme na ndugu zangu wa mjini mnaokodi mashamba. Mwaka mmoja, mwezi Aprili, niliitwa Mkuranga kuangalia ekari mbili za kijana mmoja aliyekuwa ameacha akiba yake yote pale. Alikuwa amesoma kwenye simu kwamba ekari moja ya matikiti inatoa mamilioni kwa miezi mitatu, akapanda mwishoni mwa Februari ili “mvua imsaidie kumwagilia”. Tuliingia shambani asubuhi. Majani yalikuwa na mabaka ya kahawia yenye pembe, ukiyageuza chini kuna ukungu wa kijivu. Matunda yalikuwapo, mengine makubwa kama kichwa cha mtu, lakini yaliyolalia udongo mtupu yalikuwa yameoza upande wa chini, na kadhaa yalikuwa yamepasuka yenyewe. Nilichukua moja zima nikalikata. Lilikuwa jeupe kwa zaidi ya nusu, maji yakatiririka hadi kwenye kiwiko. Aliniuliza dawa ya kupuliza. Dawa ilikuwa ni kupanda Novemba. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa mwelekeo wa mvua kabla ya vuli na kabla ya masika. Usome kwanza huo, kisha uhesabu siku kurudi nyuma kutoka tarehe unayotaka kuvuna, uone wiki nne za mwisho zinaangukia wapi. Zikiangukia Aprili, pesa yako ipumzishe.

Turudi kwa mnunuzi. Tikiti maji likishakatwa kwenye shina haliivi tena. Kuliweka juani, kulifunika na gunia, kulifungia chumbani siku tatu, hakuongezi hata chembe ya sukari. Ulichonunua ndicho utakachokula. Kwa hiyo ukaguzi ni palepale sokoni.

Ligeuze uone tumbo lake, lile doa lililolalia ardhi. Likiwa la manjano ya siagi, tunda limekaa shambani muda wake. Likiwa jeupe au la kijani kibichi, limewahishwa. Hii ndiyo dalili ninayoiamini kuliko zote, kwa kuwa haidanganyi hata kwa mbegu zenye ganda jeusi. Angalia pia ganda kwa ujumla: lililoiva hupoteza mng'ao, linakuwa kama limepakwa vumbi jepesi. Kama kikonyo kimebaki na ule uzi uliojikunja kama springi pembeni yake, uzi mkavu wa kahawia ni habari njema. Kisha libebe, ulilinganishe na jirani yake wa ukubwa uleule, uchukue zito. Kugonga kwa kiganja kunasaidia mwenye uzoefu, mlio mzito wa ndani ukiwa ndio unaotakiwa, lakini nimeona wengi wakigonga na kuchagua vibaya. Muuzaji akikukatia kidirisha cha pembetatu uone wekundu, tazama mbegu: katika aina zenye mbegu, nyeusi au kahawia ngumu ni la kuiva, nyeupe ni changa. Ila kumbuka tikiti lililotobolewa limeshafunguliwa njia ya vijidudu. Kama hulinunui wewe, atalinunua mwingine jioni.

Ule uwazi au mpasuko katikati ya tunda hauna madhara. Si dalili ya dawa. Unatokana na nyuki wachache au kukua kwa pupa baada ya mvua. Na zile habari za matikiti yanayochomwa sindano ya rangi na sukari zisikunyime usingizi: tundu la sindano kwenye tunda lenye maji kiasi kile lingeanza kuoza kwa muda mfupi, na hakuna mfanyabiashara atakayesafirisha mzigo unaoozea njiani.

Meloni, yale matikiti madogo yenye harufu tunayoyaona zaidi Kisutu na kwenye maduka makubwa, ni habari tofauti kidogo. Yanachukia unyevu kuliko tikiti maji, hivyo wakati wa masika usiyafukuzie. Lenye ganda la wavu likiiva linaachana na kikonyo chake lenyewe, na kuacha kishimo laini. Ukiona kipande cha kikonyo kimeng'ang'ania, lilikatwa mapema. Linuse upande wa pili, penye kovu la ua. Likiachwa mezani siku mbili litalainika na kunukia zaidi, ingawa sukari yake haitapanda. Lile lenye ganda laini lisilo na wavu hutoka kijani kwenda rangi ya malai.

Ukifika nyumbani osha ganda kabla ya kukata. Kisu kinapita kwenye uchafu wa shamba, wa fuso na wa sakafu ya soko, na kuuingiza ndani kwenye maji na sukari, mahali ambapo vijidudu vinastawi. Kipindupindu kilichoanza hapa Dar Agosti 2015 kilitufundisha kuogopa vyakula vilivyokatwa na kuachwa wazi. Vipande vya tikiti vilivyopangwa kwenye sinia bila kufunikwa, na kumwagiwa maji yasiyojulikana ili ving'ae, nakuomba uvipite. Zima linakaa vizuri wiki moja hadi mbili kivulini, mbali na ndizi na maembe yanayoiva, kwa maana hewa ya matunda hayo hulilegeza. Likishakatwa lifunike, liingie kwenye friji ndani ya saa mbili, na liliwe ndani ya siku tatu. Asiye na friji anunue dogo linalokwisha siku hiyohiyo, Sugar Baby linaifaa nyumba kama hiyo.