Makao makuu ya wakala wa anga za juu yakae wapi?

Agosti 2028 mkataba wa pango wa makao makuu ya NASA jijini Washington unafika mwisho. Wengi hushangaa kusikia kwamba shirika lililofikisha binadamu mwezini ni mpangaji, lakini ndivyo ilivyo. Jengo lile, lenye jina la Mary W. Jackson, mwanamke mweusi wa kwanza kuwa mhandisi wa NASA, ni la kukodi. Tangu mwanzoni mwa 2025 wanasiasa wa majimbo kadhaa wamekuwa wakiyavutia makao hayo kwao. Wa Florida wanataka yahamie Kituo cha Kennedy, roketi zinakorushwa. Wa Texas wanasema Houston ndiko wanaanga wanakofundishwa na ndiko safari zao zinakoongozwa. Wa Ohio wanaitaja Cleveland, ambako NASA ina kituo kikubwa cha utafiti.

Sisi wa Dodoma tuna kila sababu ya kuufuatilia mjadala huo. Tumeshuhudia Serikali nzima ikihama kutoka pwani kuja hapa, na tunajua kuhama kunagharimu nini na kunaleta nini. Isitoshe, nchi yetu nayo imeshatangaza nia ya kuwa na satelaiti yake. Mambo hayo yakiiva, swali la ofisi ikae wapi litakuja, na ni bora limkute mwananchi ameshalitafakari.

Nianze na jambo linalochanganya watu kuliko yote. Kwenye banda letu la maonesho ya Nanenane pale Nzuguni, kijana mmoja wa sekondari aliniuliza kwa nini ofisi ya namna hiyo isijengwe kileleni mwa mlima, ili iwe karibu na anga. Swali zuri, na watu wazima wengi wanalo hilohilo kichwani, ila wanaona haya kuuliza. Ukweli ni kwamba shughuli za anga za juu zinahitaji sehemu tatu tofauti, na kila moja ina masharti yake.

Ya kwanza ni mahali pa kurushia roketi. Hapo jiografia ndiyo bwana. Dunia inajizungusha, na kwenye ikweta uso wake unakwenda kwa kasi ya kilomita 1,670 hivi kwa saa kuelekea mashariki. Roketi inayoruka karibu na ikweta inapewa kasi hiyo bure, hivyo inabeba mzigo mzito zaidi kwa mafuta yaleyale. Ndiyo maana Ulaya inarushia roketi zake Kourou, Guyana ya Ufaransa, nyuzi 5 tu kaskazini mwa ikweta. Ndiyo maana pia Waitaliano walikuja pwani ya Kenya, karibu na Malindi, wakasimamisha majukwaa baharini. Kutoka hapo, tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipokuwa ikiadhimisha uhuru wake, ilirushwa satelaiti ya kwanza kutengenezwa mahsusi kwa uchunguzi wa miale ya eksirei kutoka kwenye nyota, ikaitwa Uhuru. Mahali pa kurushia panataka pia bahari au nyika tupu upande wa mashariki, ili vipande vya roketi vikianguka visimuumize mtu.

Ya pili ni kituo cha ardhini, yaani madishi ya kuzungumza na satelaiti. Satelaiti nyingi za kupiga picha za dunia hupita juu ya ncha za dunia mara kama 14 kwa siku. Kituo kilichoko Svalbard, kaskazini kabisa mwa Norway, huziona katika kila mzunguko. Kilichoko karibu na ikweta huziona katika mizunguko michache tu. Dishi linataka upeo usiozibwa na vilima wala maghorofa, na kimya cha masafa, maana minara ya simu na redio huliingilia.

Makao makuu ndiyo sehemu ya tatu, na hayo hayana haja ya mlima wala ikweta. Pale kazi ni kuandaa bajeti, kusaini mikataba, kuajiri, kuandika sera, kufuatilia haki za masafa kupitia Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, na kujibu maswali ya wabunge. Mkuu wa wakala akitazama nje ya dirisha asione roketi hata moja, hajapungukiwa kitu. Anachohitaji ni kuwafikia kwa urahisi watu anaofanya nao maamuzi. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema makao makuu yahamie mahali fulani kwa sababu roketi zinarukia hapo, mwombe akueleze roketi na makao makuu vinakutana wapi katika kazi ya kila siku.

Hapa kwetu hoja ya kuwafikia watu ina uzito wa pekee. Picha za satelaiti zitatumiwa zaidi na wizara: za kilimo kupima hali ya mazao, za ardhi kuchora ramani, za maji kufuatilia mabwawa, za mifugo na uvuvi, za maliasili kuona misitu inayofyekwa. Wizara hizo ziko Dodoma, nyingi katika Mji wa Serikali Mtumba. Bunge liko hapa, na kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni linajadili bajeti. Wakati huo kamati inaweza kumhitaji mtaalamu wa wakala siku hiyohiyo, aje na jedwali lililorekebishwa. Aliyeko Mtumba anaendesha kilomita 17 hivi. Aliyeko Mwanza au Mtwara anatafuta ndege.

Lakini ukaribu na Bunge si kanuni ya kila nchi. Mwaka 1972 Waziri Mkuu wa India, Indira Gandhi, alimwomba mhandisi Satish Dhawan aongoze shirika la anga za juu la nchi hiyo, ISRO. Dhawan alikubali kwa masharti mawili: aendelee kuwa mkurugenzi wa Taasisi ya Sayansi ya India, na makao makuu yawe Bengaluru, taasisi hiyo iliko. Yakawa. Delhi iko mbali, roketi zinaruka kutoka Sriharikota kwenye pwani ya mashariki, na ISRO imefanikiwa vizuri tu, kwa sababu Bengaluru ilikuwa imejaa wahandisi na viwanda vya ndege. Australia nayo ilianzisha wakala wake Julai 2018, na Desemba mwaka huohuo ikaamua makao makuu yaende Adelaide badala ya mji mkuu Canberra.

Maoni yangu ni haya. Nchi yenye viwanda na wahandisi tele ina uhuru wa kuifuata karakana. Nchi inayoanza, ambayo mteja mkubwa wa satelaiti yake ni serikali yenyewe, inafanya vyema kukaa jirani na mteja huyo. Sisi tuko kundi la pili.

Niende sasa kwenye jambo ambalo, kwa mtazamo wangu, ndilo zito kuliko yote, nalo ni watumishi. Ofisi ya serikali huhamishwa kwa waraka. Mtumishi anahama na mwenza mwenye kazi yake, watoto walioko shule, na mama mzazi anayehudhuria kliniki. Mwaka 2019 serikali ya Marekani iliamua kuhamisha makao makuu ya idara yake ya ardhi za umma, BLM, kutoka Washington kwenda Grand Junction, mji mdogo wa Colorado. Nafasi 328 zilitakiwa kuhamishwa kwenda magharibi. Watumishi 287 walistaafu au wakatafuta kazi nyingine. Waliokubali kuhama walikuwa 41, na kati yao waliokwenda Grand Junction penyewe ni 3. Septemba 2021 ikatangazwa kwamba makao makuu yanarudi Washington. Nafasi zilizoachwa wazi unaweza kuzijaza. Ujuzi wa miaka 20 ulioondoka na mtu hauwezi kuurudisha kwa tangazo la ajira.

Kwa wakala wa anga za juu hasara hiyo ni kubwa mara dufu. Mtu anayejua kuongoza satelaiti iliyopoteza mwelekeo, au anayejua kusoma mkataba wa kurushiwa satelaiti na kampuni ya nje, haokotwi barabarani. Akikataa kuhama, kuna kampuni na mashirika ya nje yanamsubiri.

Dodoma ilijifunza hili kwa muda mrefu. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu ya nchi hapa ulipitishwa na TANU mwaka 1973. Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu iliundwa mwaka huohuo, na mpango kabambe wa kwanza ukakamilika 1976. Miongo ikapita wizara zikiwa bado Dar es Salaam. Msukumo wa kweli ulikuja Julai 2016 Rais Magufuli alipotangaza kwamba Serikali inahama, na Waziri Mkuu Majaliwa akahamia Septemba ya mwaka huo. Rais mwenyewe alihamia Oktoba 2019. Sheria ya kuitangaza Dodoma kuwa makao makuu ilipitishwa 2018.

Watumishi waliotangulia wanakumbuka kodi za nyumba zilivyopanda ghafla, na familia zilizobaki Dar huku baba au mama akipanda basi kila Ijumaa jioni. Wengi walitulia huduma zilipowafikia: hospitali, shule, viwanja vilivyopimwa, barabara za lami. Treni ya umeme iliyoanza kufika Dodoma mwaka 2024 imefanya safari ya Dar iwe ya saa nne au pungufu, na hilo limebadilisha hesabu za familia nyingi. Sensa ya 2012 ilikuta watu 410,956 katika manispaa ya Dodoma wakati huo. Ya 2022 ikakuta 765,179.

Watu hao wote wanakunywa maji, na hapo lazima tuseme wazi. Dodoma ni kame. Inapata wastani wa milimita 570 hivi za mvua kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili, na kwa miaka mingi jiji limetegemea visima vya Mzakwe. Bwawa la Farkwa huko Chemba na maji ya Ziwa Victoria yamo kwenye mipango. Taasisi yoyote mpya inayoletwa hapa ije na hesabu yake ya maji. Jengo lisilovuna maji ya mvua wala kurejesha maji yaliyotumika linawaongezea jirani zake mgawo. Vilevile tuko kwenye ukanda wa Bonde la Ufa na matetemeko husikika; nguzo na misingi isanifiwe kwa kulijua hilo.

Mkoa wetu una ushahidi wa kile kinachotokea ardhi isipochunguzwa. Kongwa, mwaka 1947, serikali ya Uingereza ilianza mradi mkubwa wa karanga. Wataalamu walikuwa wamezunguka Afrika Mashariki kwa wiki chache tu, sehemu kubwa wakitazama kutoka kwenye ndege. Udongo wa Kongwa kiangazi hukauka ukawa mgumu hata karanga hazing'oki, na mvua zake hazina ahadi. Wenyeji wangewaambia. Mwaka 1951 mradi ulikuwa umekufa, na mamilioni ya pauni yamepotea.

Wamarekani walipotafuta mahali pa kituo cha wanaanga mwaka 1961, waliandika vigezo kwanza: uwanja wa ndege unaotumika katika hali yoyote ya hewa, njia ya maji kwa mizigo mikubwa, chuo kikuu jirani, umeme na maji ya uhakika, ekari zisizopungua 1,000. Tampa ilikuwa mbele, kwenye kambi ya jeshi la anga iliyotarajiwa kufungwa. Jeshi lilipoamua kubaki nayo, Houston ikapanda. Siasa ilikuwamo, tena nzito: Makamu wa Rais, Lyndon Johnson, alikuwa mtu wa Texas. Hata hivyo vigezo vilikuwa vimeshaandikwa, na yeyote aliweza kuupima uamuzi kwa kuvitazama.

Hicho ndicho ningependa wananchi wakidai: vigezo vitangazwe kabla majina ya miji hayajatajwa, na uzito wa kila kigezo uwe wazi. Majina yakitangulia, vigezo hushonwa vimfae anayependelewa.

Kwa upande wangu ningeweka ofisi Dodoma, karibu na wizara na karibu na Chuo Kikuu cha Dodoma, chenye ndaki za sayansi ya kompyuta na sayansi ya dunia, vijana wapate mafunzo kazini bila kuhama mji. Dishi ningelitenganisha na ofisi. Ukame wetu unalifaa, kwa sababu mvua kubwa hudhoofisha mawimbi ya masafa ya juu, na kuanzia Mei hadi Novemba anga yetu ni kavu. Ila jiji linapimwa viwanja kwa kasi, na minara ya simu inafuata makazi. Eneo la dishi, pamoja na uwanda wa kulilinda dhidi ya mawimbi, lingetengwa kwenye mpango kabambe wa jiji mapema, kabla watu hawajauziwa viwanja hapo na kulazimika kulipwa fidia. Michoro ya mipangomiji hubandikwa kwa ajili ya maoni ya wananchi katika ofisi za jiji na za kata. Tunaomba mje muisome na muandike mnachokiona.