Nzi wa kijani wanatoka kwenye holda ya taa: maswali ninayoulizwa kuhusu nzi, funza na mzoga darini

Kazi yangu ni ubwana afya, ile ya kuzunguka mtaani kukagua vyoo, migahawa na majalala, na kuna kesi inajirudia kila mwaka mvua zikianza, panya wakishaingia majumbani. Mtu anaamka anakuta nzi wakubwa wa kijani wamejazana dirishani sebuleni, anafagia wanarudi, anapuliza dawa wanarudi, mara anainua macho anaona wanachomoza kwenye holda ya taa. Hapo ndo napigiwa simu. Nimeyakusanya maswali, nayajibu hivihivi ninavyoyajibuga mlangoni kwa watu.

Shikamoo bwana afya. Nyumba yangu naipiga deki kila siku, taka sirundiki, sasa hawa nzi wametokea wapi na kwa nini wanatoka juu?

Marahaba mama. Deki yako haina kosa kabisa. Mwangalie huyo nzi vizuri: wale wadogo wa kijivu wa jikoni wanafuata taka na mabaki, lakini hawa wakubwa wanaong'aa kijani au bluu, ambao wengi tunawaita nzi wa chooni, wanapenda sana nyama inayooza. Ukiwaona wanatoka darini ujue juu kuna kitu kimefia. Mara nyingi ni panya, mara chache popo, njiwa au paka wa jirani aliyeingia akashindwa kutoka.

Sasa twende na hesabu ndo utaelewa. Panya akifa leo, nzi wanaweza kufika leoleo. Nzi mmoja anaweza kutaga mayai 150 mpaka 200 kwa mkupuo mmoja, na kwa joto la chini ya bati yanaanguliwa ndani ya siku moja hivi. Mabuu yanakula siku 4 au 5 yananenepa, halafu yanauacha mzoga yanatambaa kutafuta pakavu pa kujificha, na hapo ndo yanapenya kwenye maungio ya siling bodi na tundu la taa. Nyumba moja niliyoenda buu lilidondoka kwenye sinia la wali, mtoto akalisogeza pembeni kwa kidole akidhani ni punje, mpaka likajikunja. Baada ya hapo kila buu linajifunga kwenye kiganda cha kahawia, linakaa humo siku kadhaa, anatoka nzi kamili. Toka kufa kwa panya mpaka kundi la nzi ni kama siku 10 mpaka wiki 2.

Ndo maana watu wanachanganyikiwa, wanasema "harufu ilikuwa wiki ile ikaisha, hawa nzi wa leo ni wa nini?" Ni walewale mama, walikuwa wanakua. Na wanashuka kwako kwa sababu nzi anafuata mwanga, darini ni giza totoro, mwanga pekee anaouona ni ule wa kwenye tundu la taa yako.

Nimepuliza dawa ya kopo kupitia tundu la taa, nzi wakafa kibao, kesho yake wapya. Niongeze dozi?

Usiongeze, na hiyo ya kupuliza kwenye tundu la taa usirudie. Darini kuna nyaya, mara nyingi fundi ameziunga kwa selotepu tu, na dawa nyingi za kopo gesi yake inashika moto, cheche moja inatosha. Halafu ukipuliza umeangalia juu inakurudia machoni. Ila hata tusiseme hatari, haisaidii kitu, maana inaua waliokwishaota mbawa, walio kwenye viganda hawajaguswa na mabuu yaliyo ndani ya mzoga ndo kabisa.

Fanya hivi: zima taa za ndani, funga mapazia yote acha dirisha moja wazi lenye jua, watatoka wenyewe. Watakaobaki wapige kwa gazeti. Tundu la taa lizibe kwa muda kwa karatasi na gundi, umeme ukiwa umezimwa kwenye mita. Halafu nguvu zako zote zipeleke kwenye mzoga.

Na zile dawa za shambani zinazopimwa kwenye vichupa vya maji visivyo na lebo, nawaomba jamani. Mtu akishaanza kutokwa mate mengi, jasho, kutapika, mboni za macho zimekuwa ndogo na pumzi inabana, hiyo ni sumu imeingia, mtoe nje kwenye hewa, mvue nguo zilizolowa dawa, mkimbize hospitali na kichupa chenyewe.

Lakini muuzaji aliniambia panya akila ile sumu anakauka, hatoi harufu. Au anatoka nje kutafuta maji.

Ile spika ya machinga, sumu ya panya mende kunguni viroboto, naijua kwa moyo hata nikilala naisikia. Si kweli. Sumu nyingi za panya zenye lebo zinafanya kazi kwa kuzuia damu isigande, panya anavuja damu kwa ndani taratibu, anakufa baada ya siku 3 mpaka 7 hivi, na mgonjwa yeyote anajikunyata pale alipozoea kulala. Alipozoea ni darini kwako. Hakuna kukauka, ananuka kama mnyama mwingine tu.

Kwa hiyo mimi kwa panya wa darini nasema mtego, ule wa kubana, unamkuta ulipomwekea na unajua amekufa lini. Sumu ndani ya nyumba yenye watoto siipendi, na kama mtoto amekula usisubiri uone dalili, maana damu inaanza kuvuja siku kadhaa baadaye huku mtoto anacheza vizuri tu. Peleka hospitali siku hiyohiyo pamoja na pakiti, kuna vitamini K inayotibu hiyo hali lakini lazima daktari ajue ni sumu gani.

Sawa, nitaufikiaje mzoga na nitautoaje?

Kwanza kuupata. Zima umeme wote. Tembea chumba kwa chumba asubuhi mapema kabla jua halijapiga bati, pale harufu ilipo kali zaidi tia alama. Angalia siling bodi kama kuna doa la njano au kahawia, mzoga huwa unavuja maji. Ukiona funza wanadondoka eneo moja, uko karibu sana.

Anayepanda avae barakoa, glavu za mpira, shati la mikono mirefu na viatu, na akanyage kwenye kenchi tu, mbao zenyewe, asikanyage jipsamu maana atatokea sebuleni. Asipande jua la saa 8 mchana, bati likiwa limewaka mtu anazimia kule juu. Kabla hujagusa kitu fungua madirisha na lile tundu la kupandia, acha hewa ipite kama nusu saa.

Usifagie vikavu. Hili nalirudia kila nyumba na kila nyumba nakuta fagio limeshapanda. Vumbi la mavi na mkojo wa panya unalivuta puani. Changanya Jik kipimo 1 na maji vipimo 9, loweka mzoga na pale ulipolala, subiri dakika 5, ndo uushike kwa glavu uuweke kwenye mfuko imara, funga, weka kwenye mfuko wa pili, kisha zika shimo la kwenda chini ambalo mbwa hatofukua. Kuloweka kunasaidia pia kwa viroboto, mzoga ukipoa wao huwa wanahama kutafuta damu ya moto, na viroboto wa panya ndo walioleta tauni kule Lushoto miaka ya 1980 na 1990. Mabuu na viganda kusanya kwa kitambaa kilicholowa, mimina maji ya moto. Jik usichanganye na dawa ya choo yenye asidi, inatoa gesi inayochoma mapafu. Ukishuka nguo zote kwenye maji ya moto na wewe ukaoge.

Dari yangu ni jipsamu, haina tundu la kupandia, fundi anataka kubomoa. Nisipoutoa itakuwaje?

Itakwisha yenyewe. Panya mdogo harufu inaisha ndani ya wiki 1 au 2, panya buku anaweza kwenda zaidi, paka hapo siongelei, bomoa tu. Mzoga ukishakauka nzi hawana tena cha kula, kundi la mwisho likitoka imeisha. Kama ni panya na hamna mtoto mchanga wala mgonjwa ndani, mimi ningeziba matundu ya taa, ningefungua madirisha nikavumilia. Kama funza wanadondoka chumbani kila siku, toboa kipande kidogo pale penye doa, fundi akirudishia awawekee mfuniko wa kupandia, msije kubomoa tena mwakani.

Kaka, hawa funza wanaweza kuingia mwilini? Mwanangu alilala, akaamka wapo kwenye shuka.

Kwenye ngozi isiyo na kidonda hawaingii, mtoe wasiwasi mama yake. Wale wanaoingia kwenye ngozi na kufanya jipu ni wa nzi mwingine, anayetaga kwenye nguo zenye unyevu zilizoanikwa kivulini au chini, ndo maana bibi zetu wanasisitiza kupiga pasi mpaka chupi na nepi. Ila mtu mwenye kidonda kisichofunikwa, mfano mgonjwa wa sukari mwenye kidonda cha mguu au mzee wa kitandani, yeye kidonda kifunikwe na achunguzwe kila siku, nzi wanataga hapo. Mtoto badilisha shuka, msogeze kitanda, mwekee neti.

Magonjwa je? Maana wanatua kwenye chakula.

Hapo ndo pa kukazana. Nzi hana meno, akitua kwenye chapati yako anaitapikia mate yake ilainike ndo anyonye, na huku anajisaidia palepale, na miguu ametoka nayo chooni au kwenye mzoga. Kwa njia hiyo anaweza kueneza vimelea vya kuhara, kuhara damu, homa ya matumbo na kipindupindu. Chakula funika, kiporo pasha mpaka kichemke, vyombo vilivyokaa wazi usiku vioshe tena. Mtoto akiharisha anza ORS nyumbani na umpeleke kituo cha afya wampe na zinki ya siku 10 mpaka 14, na akiwa amelegea, macho yamezama, anatapika kila kitu au kinyesi kina damu usingoje kesho.

Upande wa panya kuna homa ya mgunda, ile iliyotikisa Lindi mwaka 2022. Inatokana na mkojo wa wanyama, panya wakiwemo. Aliyepanda darini akipata homa, kichwa, misuli ya miguu kuuma na macho mekundu ndani ya wiki chache, akienda hospitali aseme wazi "nilitoa panya darini", asiishie kupimwa malaria.

Nimetupia vile vidonge vyeupe vya kabatini, naftalini, vikate harufu. Ni sawa?

Vitoe kama mna mtoto mchanga. Mvuke wake unaweza kupasua chembe nyekundu za damu kwa mtu mwenye upungufu wa kurithi wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe hizo, na huku kwetu ukanda wa malaria wapo wengi wasiojua kama wanao. Mtoto anakuwa wa njano, mkojo mweusi kama soda. Mkaa kwenye bakuli chumbani na madirisha wazi vinatosha.

Dada yangu yuko Uingereza, anasema kila mwezi wa 10 nzi wanajaa darini kwake na hamna mzoga wowote. Anadhani karogwa.

Hajarogwa. Kule kuna nzi wa kijivu wazitowazito ambao mabuu yao yanakula minyoo ya ardhini, baridi ikianza wakubwa wanapanda kulala darini makundi kwa makundi mpaka baridi iishe. Hawatagi ndani wala hawafuati chakula. Awavute kwa mashine ya kufyonza vumbi, aingojee ifike majira ya joto ndo azibe nyufa. Asipulize dawa kama kuna popo, kule sheria ya mwaka 1981 inawalinda.

Tumeshautoa, nzi wameisha. Tufanye nini wasirudi?

Zunguka nyumba nje ukiangalia juu. Panya anapita tundu la upana wa kidole gumba na panya wadogo wanapita hata penye milimita 6, kwa hiyo ziba kwa waya mgumu na saruji, povu wanalitafuna. Kata matawi ya mwembe yanayogusa bati. Kama simtanki lako liko juu kagua mfuniko, kuna nyumba walikuwa wanapigia mswaki maji yenye panya wiki nzima huku wanatafuta harufu darini. Halafu kaangalie pale kwenye fisha bodi alipopitisha waya fundi wa dishi, nyumba nyingi ninazokagua ndo mlango wao, na fundi alishalipwa akaondoka bila kuuziba.