Mchwa, moto na umaskini: yanayosemwa kuhusu nyumba ya mbao

"Fundi, na mchwa je?" Sijapata mteja wa nyumba ya mbao ambaye hakuanza na hilo, tena wengi wanauliza wakiwa wamekaa chini ya kenchi ya mbao iliyobeba bati lao miaka yote.

Mchwa wanaobomoa nyumba zetu wengi hutoka ardhini, na kwa kuwa hukauka upesi hewani, hupanda ndani ya vijia vya udongo. Basi wape kazi. Inua nyumba juu ya nguzo za zege, weka kofia ya bati kila nguzo, na usipande maua wala kurundika matofali yaliyobaki ukutani. Kijia kikipita kwenye zege utakiona, utakibomoa, utapiga dawa. Watu huponzwa na nguzo iliyochimbiwa ardhini ikapakwa oili chafu. Jamani, oili chafu si dawa! Inaishia kwenye ngozi ya mti.

Dawa ni ile inayosukumwa kwa presha ndani ya tangi, kama ya nguzo za umeme. Kata kipande mbele ya muuzaji: ukijani wa dawa uwe umezama ndani. Ukiona utando tu wa juu, ondoka. Na kila palipopita msumeno papakwe dawa upya. Mafundi wengi huruka hapo, na mchwa huingilia hapo hapo.

"Itashika moto." Ubao mwembamba unawaka haraka, sibishi. Boriti nene huungua kwa nje, kama milimita 0.7 kwa dakika, na mkaa wake hukinga kiini. Chuma kitupu kikifika nyuzi 600 hivi kimeshapoteza zaidi ya nusu ya nguvu zake.

"Ni nyumba ya maskini." Norway wana Mjøstårnet, jengo la mbao la ghorofa 18, mita 85, lililokamilika 2019. Hao nao ni maskini?

"Mnamaliza misitu." Paina za Sao Hill, Mufindi, ni za kupandwa: zinavunwa, zinapandwa tena. Tanuri la tofali za kuchoma kijijini linakula magogo, na sijasikia mtu akiuliza yametoka wapi.

"Mbao hupinda." Hupinda ikinunuliwa mbichi asubuhi na kupigiliwa misumari mchana. Ipange kivulini, weka vipande kati ya ubao na ubao hewa ipite, uisubiri ikauke. Huna subira, jenga kwa tofali.