Perman: shujaa aliyepunguzwa silabi

Perman ni katuni ya watoto ya Kijapani, na ndani ya katuni hiyo ni jina la cheo. Wajapani hutamka "Paaman". Superman kwao ni "Suupaaman". Kata "suu" ya mwanzo, unabaki na mwanagenzi, shujaa ambaye bado hajafuzu. Tena kuna kijembe humo, maana "paa" kwa Kijapani cha mitaani ni mtu mwenye kichwa kitupu. Ni sawa na kumnyang'anya simba "si" yake, akabaki mba.

Aliyepewa cheo hicho ni Mitsuo Suwa, mtoto wa shule ya msingi asiyependa kitabu. Birdman, mgeni kutoka sayari nyingine, anamkabidhi kofia inayozidisha nguvu zake mara 6,600, joho la kurukia, na beji ya kuwasiliana na wenzake. Lakini joho lenyewe, katika toleo la 1983, mwisho wake ni kilomita 119 kwa saa. Basi la mikoani lenye dereva mkorofi lingemfukuzia. Akitaka kwenda mbio zaidi, inabidi ashikane mikono na Perman mwingine, ndipo mwendo uzidishwe mara mbili.

Kwangu mimi, utamu wote uko kwenye kifaa cha nne, Kopi Roboti. Ni mwanasesere, ukimbonyeza pua anageuka kuwa wewe, sura na sauti. Mitsuo akienda kukamata majambazi, pacha huyo hubaki nyumbani akifanya homuweki na kugombezwa na mama. Wakikutana tena hugusanisha vipaji vya nyuso, na Mitsuo anapata kumbukumbu zote za siku ile. Shida ni kwamba roboti naye ana roho ya Mitsuo: mvivu vilevile, mnung'unikaji vilevile. Umejipatia msaidizi, kumbe ni wewe mwenyewe!

Perman wenzake ni sokwe aitwaye Booby. Paayan, mtoto wa Osaka anayejua kugeuza nguvu zake kuwa biashara. Na Pako, msichana asiyevua kinyago. Mitsuo hugombana na Pako kila kukicha, huku akimhusudu nyota mtoto wa televisheni, Sumire Hoshino. Hajui kwamba ni mtu mmoja. Wala hawezi kujitangaza kwa yeyote, kwa kuwa adhabu ya kutoboa siri ni kugeuzwa mnyama. Mshahara hakuna. Kuna kisa anachoka kabisa na kutaka kurudisha kofia.

Hadithi hii ilianza kuchorwa mwaka 1966 chini ya jina Fujiko Fujio, lililotumiwa na wachoraji wawili, Hiroshi Fujimoto na Motoo Abiko, jina lililokuja kujulikana zaidi kwa Doraemon, katuni ya paka roboti. Ikaonyeshwa kwenye televisheni mwaka 1967 bila rangi, kisha ikatengenezwa upya kwa rangi mwaka 1983.

Mwishoni Mitsuo anachaguliwa kwenda kusoma kwenye sayari ya Birdman, yaani kuitafuta ile "suu" yake. Ndani ya Doraemon, Sumire anaonekana tena, sasa mtu mzima na nyota mkubwa. Anasema yupo ampendaye, ila yuko mbali sana. Na ndani ya kidani chake mna picha ya mvulana.